Sura ya Tano: Picha na Kile Wimbo Ulichokinyamazia

Kuna swali ambalo huulizwa kila video mpya inapotoka. Linaulizwa kwa kinyozi, linaulizwa ndani ya matatu yenye skrini, na linaulizwa na wazazi wanaochungulia simu za watoto wao: kwa nini video hii imenikaa kichwani, na ile nyingine yenye magari ya kifahari na jumba lenye bwawa la kuogelea nimeisahau hata kabla haijaisha?

Wengi hujibu haraka kwamba siri ni pesa. Jibu hilo halisimami. Video za gharama kubwa hupita kila wiki bila kuacha alama, huku video iliyopigwa kwenye ngazi za ploti ikirudiwa mpaka watoto wa mtaa wanaijua mwanzo hadi mwisho. Wengine husema siri ni wimbo wenyewe. Hapo pana ukweli, kwani wimbo mbovu hauokolewi na picha. Lakini wimbo mzuri unaweza kusikilizwa redioni ukatosha. Video inapaswa kutupa kitu ambacho redio haiwezi kutupa.

Sura hii inakitafuta kitu hicho, na inakitafuta Kariobangi, katika Eastlands ya Nairobi, upande wa jiji uliozaa sehemu kubwa ya muziki wa vijana wa Kenya. Dandora, jirani wa Kariobangi, ndiko walikotoka Kalamashaka, waliorap kwa Kiswahili na Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Umoja ndiko walikotoka Ethic, ambao mwaka 2018 waliufungulia mlango mtindo wa gengetone, yaani muziki wa kuchezesha ambao vijana kadhaa hupokezana mistari ya Sheng. Buruburu ndiko walikotoka Buruklyn Boyz, wanaorap kwa mtindo wa drill, wenye mapigo mazito na besi inayoteleza.

Dai langu ni moja, na nitalirudia mpaka lieleweke: video hukaa kichwani pale picha zake zinaposimulia kile ambacho wimbo umekinyamazia.

Video ya muziki imeundwa na nini?

Wimbo wa kawaida huchukua dakika tatu au nne. Ndani ya muda huo mtazamaji hupokea mambo matatu kwa pamoja: maneno, mapigo na picha. Maneno yana hadithi yake. Mapigo yana hisia yake, na mara nyingine hisia hiyo hupingana na maneno, kama pale wimbo wa huzuni unapochezeka. Picha ndiyo inayoingia mwisho, baada ya mengine yote kurekodiwa studioni. Kwa hiyo anayepiga video hukuta meza imeshaandaliwa, na swali lake la kwanza linapaswa kuwa: ni kitu gani bado hakijasemwa?

Kabla hatujaendelea, tuyafahamu maneno matano ya kazi hii.

- Mwongozaji, ambaye mtaani huitwa dairekta, ndiye anayeamua hadithi itasimuliwaje na kamera isimame wapi.
- Fremu ni mipaka ya picha. Kilichomo kinaonekana, kilichoachwa nje mtazamaji hakijui mpaka aonyeshwe.
- Shoti ni kipande kimoja cha picha, tangu kamera inapoanza kunasa hadi inapokoma.
- Mkato ni pale shoti moja inapoisha na nyingine kuanza.
- Uhariri ni kazi ya kuchagua shoti, kuzipanga, na kuamua kila moja ikae kwa muda gani.

Katika filamu ya kawaida wahusika huzungumza, na mazungumzo hutueleza wanachotaka. Katika video ya muziki wahusika huwa kimya, kwa kuwa sauti yote imekaliwa na wimbo. Mtu hawezi kusema "nina njaa". Inabidi tumwone akiangalia sahani ya mwenzake, kisha akigeuza uso. Ndiyo maana fani hii inadai sana jicho: kila jambo lazima lionekane katika tendo, katika kitu, au katika mahali.

Wimbo mmoja, video mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kijana wa Kariobangi South ametunga wimbo wa kumtuliza mamake aliyeko ushago, yaani kijijini. Anamwambia kwamba mjini mambo ni shwari, kazi imepatikana, nyumba ni nzuri, asikose usingizi kwa ajili yake.

Video ya kwanza inayomjia mtu akilini ni hii. Kijana akitaja kazi, tunamwona ofisini nyuma ya kompyuta. Akitaja nyumba, tunamwona kwenye sebule ya kukodi. Akimtaja mama, tunaonyeshwa mama akitabasamu shambani. Kila neno limepata picha yake. Video inaweza kuwa safi, yenye rangi za kupendeza, na bado ukiifunga ukabaki na sauti tu hujapoteza chochote. Picha imefanya kazi ya kurudia.

Sasa tuipige upya. Ni asubuhi, na kijana yuko katika kundi la vijana nje ya karakana moja katika eneo la mafundi la Light Industries, wakingoja kuchaguliwa kwa kibarua. Wanachukuliwa watatu, naye anabaki. Mchana anabeba magunia sokoni. Jioni ananawa uso kwa maji ya mtungi, anavaa koti safi, anasimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi karibuni na kumpigia mamake simu ya video. Anatabasamu. Kisha kamera inarudi nyuma hatua tatu, na tunamwona rafiki yake ameketi kwenye ngazi na fulana tu, akingoja koti lake.

Ubeti wa tatu unatupeleka upande wa pili wa simu. Mama ameishika karibu na uso, kwenye pembe ya jikoni, naye anatabasamu. Kamera inarudi nyuma hatua tatu, kama ilivyofanya Kariobangi, na tunaona sufuria mbili sakafuni zikikinga maji yanayovuja kutoka paani. Naye ana lake analoficha. Wimbo unapofifia, simu ya kijana inalia. Ni ujumbe wa M-Pesa: mama ametuma shilingi 500.

Maneno ya wimbo hayakubadilika hata moja. Bado yanasema mambo ni shwari. Picha ndizo zilizotuambia kwamba watu wawili wanadanganyana kwa sababu ya kupendana, na zile shilingi 500 zikatuambia kwamba mama alijua tangu mwanzo. Mtazamaji akiusikia wimbo huo tena redioni, hatausikia kama zamani. Hapo video imefanya kazi yake.

Angalia pia gharama. Koti moja, ukuta mmoja, jikoni moja, na mwendo mmoja wa kamera uliorudiwa mara mbili. Nguvu yote imetoka katika uamuzi wa nini kionyeshwe kwanza na nini kizuiwe kwa sekunde chache.

Kwa ufupi:

- Picha inayorudia maneno ya wimbo haiongezi kitu.
- Picha yenye nguvu huonyesha sababu ya maneno hayo kusemwa, au ukweli unaojificha nyuma yake.
- Kitu kimoja kidogo kikitumiwa vizuri hubeba hadithi nzima.

Mtaa nao ni mhusika

Kwa miaka mingi wasanii wetu waliamini kwamba video ya maana hupigwa mbali na nyumbani. Kulikuwa na sababu. Njia ya kutazamwa ilikuwa runinga, na MTV Base ilipoanza kurusha matangazo barani Afrika mwezi Februari 2005, kila msanii alitamani video yake isimame pamoja na zile za Marekani, Nigeria na Afrika Kusini. Kukodi gari na jumba ilikuwa namna ya kusema: hata sisi tumefika. Tatizo ni kwamba jumba la kukodi halina historia na mtu aliyesimama ndani yake. Hajui mlango upi hukwama, wala jua huingia dirisha lipi.

Kariobangi ina historia hiyo kwa wingi. Ilianza miaka ya 1960 kama mradi wa kuwagawia viwanja watu waliokuwa wakiishi kwenye vibanda jijini. Nyumba za chini zikapandishwa, zikawa gorofa zilizobanana, zenye korido nyembamba na kamba za nguo zinazovuka kutoka baraza hadi baraza. Upande mmoja ni Light Industries, ambako mafundi wa jua kali hutengeneza sufuria, majiko na madirisha ya chuma. Kuna soko, kuna Outering Road isiyolala, na kwa majirani kuna Huruma, Korogocho na Dandora.

Mhusika hujulikana kwa anachotaka na kinachomzuia. Mahali pia huweza kutaka na kuzuia. Korido nyembamba humlazimisha mtu kupishana kwa bega na yule aliyegombana naye jana. Ngazi humfanya anayerudi na habari mbaya achelewe kufika. Paa la gorofa humpa kijana uwanja wa kuota, kwa sababu kutoka juu jiji lote linaonekana na hakuna anayemwita kwenda dukani. Mwongozaji anayeujua mtaa huandika hadithi kwa kuchagua tu nani akutane na nani, na wakutanie wapi.

Tuingie karakana moja kwa karibu. Fundi ameketi kwenye kigogo. Sufuria imeinamishwa juu ya kipande cha reli ya zamani kilichosimikwa ardhini, nyundo inashuka kwenye ukingo, na mkono wa kushoto unaizungusha sufuria kidogo baada ya kila pigo. Hatazami nyundo. Anatazama mwanga unavyokimbia juu ya bati, kwa sababu mwanga ukikatika ghafla ujue pana bonde. Hapa mwongozaji ana shoti tatu: mkono unaozungusha, ukingo unaonyooka, na macho ya fundi. Akiongeza ya nne, kijana wetu amesimama nyuma bila kazi, ndani ya fremu ileile, basi amesimulia tofauti kati ya aliye na ufundi na anayeutafuta, bila neno.

Mavazi pia hutoka mtaani. Jezi ya timu ya soka ya Kariobangi Sharks humweleza mwenyeji mengi kuliko suti ya kuazima. Lakini huduma kubwa kuliko zote unayoitoa mtaa ni mwanga. Nairobi iko karibu na ikweta, na jua la saa saba mchana husimama utosini, likafanya nyusi na paji vitupe kivuli machoni. Ndiyo sababu nyuso nyingi zilizopigwa saa hizo huonekana zimekasirika hata wakati hazijakasirika. Asubuhi kabla ya saa mbili na nusu, au jioni kuanzia saa kumi na moja, jua huja kwa ubavu. Hupenya koridoni, hugusa mvuke wa chai na vumbi la barabara, na uso hupata pande mbili, mmoja wa mwanga na mmoja wa kivuli. Jua hilo ni la bure, na hudumu kama saa moja na nusu tu. Anayelitaka huamka mapema.

Kamera isimame umbali gani?

Umbali kati ya kamera na mtu hubadilisha hadithi. Kamera ikisimama mbali, mtu huwa mdogo na mahali huwa pakubwa. Tunamwona kama mmoja kati ya wengi. Kamera ikisimama kati, kuanzia kiunoni kwenda juu, tunamwona kama mtu anayezungumza nasi barabarani. Kamera ikija karibu mpaka uso ujaze fremu, tunaingia mahali ambapo kwa kawaida huingia mama, mpenzi au adui.

Mwaka 1990 mwimbaji wa Ireland, Sinéad O'Connor, alitoa video ya wimbo Nothing Compares 2 U. Sehemu kubwa ya video hiyo ni uso wake tu, ukitutazama moja kwa moja, hadi machozi yanapomtoka. Hakuna wachezaji, hakuna gari. Ilitosha kuisimamisha dunia, kwa sababu kamera ilikataa kuondoka pale ambapo mtu mwingine angegeuza macho kwa haya.

Miaka 28 baadaye, mwezi Mei 2018, Childish Gambino wa Marekani na mwongozaji Hiro Murai walifanya kinyume katika This Is America. Msanii anacheza mbele, pamoja na wanafunzi waliovaa sare, na macho yetu yanamfuata yeye. Nyuma yao, ndani ya ghala kubwa, watu wanakimbia na vurugu inatanda. Ukiitazama mara ya kwanza unaona dansi. Ukiitazama mara ya pili unaona ulichokikosa, na unajiuliza kwa nini ulikikosa. Nyuma ya fremu ndipo hadithi ilipowekwa.

Eastlands tuna namna yetu ya kuitumia nyuma ya fremu, nayo ni mbogi, yaani kundi la vijana wanaosimama na msanii. Katika video nyingi za gengetone na za drill utawaona wamejaa nyuma yake, wakiruka, wakinyoosha mikono, wengine wakiyajua maneno yote. Wapo watu wanaolidharau kundi hilo kama fujo. Mimi naliona kama ushahidi. Kundi linasema huyu ni wetu, tunamjua, alikua hapa. Kasoro huja pale nyuso zote zinapofanya jambo moja kwa dakika tatu. Mwongozaji makini hutafuta mmoja ndani ya mbogi ambaye hachezi: anayetazama pembeni, aliyeshika simu akingoja ipigwe. Akirudi kwake mara tatu katika wimbo, kundi zima limepata hadithi.

Mkato na mapigo

Mhariri akiwa na nyenzo zote mezani, kishawishi chake cha kwanza ni kukata kila pigo linapodunda. Kwa sekunde ishirini hivi huchangamsha. Baada ya hapo jicho huchoka, kwa maana halipewi muda wa kutaka kuona zaidi.

Njia bora ni kujibizana na mapigo. Shoti ya nyundo inaposhuka juu ya sufuria inaweza kuangukia kwenye pigo la ngoma, na mtazamaji akahisi wimbo umetoka karakanani. Lakini ile shoti ya kamera inayorudi nyuma hatua tatu haifai kukatwa hata kidogo, haidhuru mapigo yanakwenda kasi gani. Mtazamaji anahitaji kuona kwa macho yake kwamba kijana wa koti safi na rafiki wa fulana wako mahali pamoja, sekunde ileile. Ukikata hapo, ataona vipande viwili tu na hatauamini uhusiano wao.

Kuna pia mkato unaounganisha vitu viwili vilivyo mbali. Maji yanadondoka kutoka mtungi Kariobangi, mkato, maji yanadondoka kwenye sufuria ushago. Hakuna aliyetuambia kwamba mama na mwana wanaishi maisha yanayofanana. Tumeviunganisha wenyewe, na mtu huamini zaidi alichokiunganisha mwenyewe kuliko alichohubiriwa.

Kwa ufupi:

- Kamera mbali hutupa mahali. Kamera karibu hutupa moyo wa mtu.
- Nyuma ya fremu pana nafasi ya hadithi ya pili.
- Kata pale mkato unapoongeza maana, na uache kukata pale macho yanapohitaji kushuhudia.

Mifano miwili ya Nairobi

Katikati ya mwaka 2009, nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na kutazama video mtandaoni kukaanza kuwa jambo la kila siku kwa Wakenya wengi. Mwezi Machi 2010, bendi ya Just A Band, iliyoanzishwa na vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, ilitoa video ya wimbo Ha-He. Wimbo wenyewe ni wa kuchezesha. Picha ndizo zilizoleta kitu kingine kabisa: mbabe anayeitwa Makmende, aliyeigizwa na Kevin Maina, mwenye mavazi na mwenendo wa filamu za ngumi za miaka ya 1970, akiwasafisha wahuni katika mitaa ya Nairobi.

Ilienea kwa kasi ambayo Kenya ilikuwa haijaiona. Watu walitunga vichekesho kumhusu Makmende na kumtengenezea majalada bandia ya magazeti makubwa ya kimataifa, hata vyombo vya habari vya ng'ambo vikaandika habari zake. Sababu naiona hivi. Video ilichukua umbo la filamu ambazo kila mtoto wa mtaani alizijua, ikalijaza kwa uso wa mtu wa nyumbani. Kisha haikumaliza kila kitu. Ilimwachia mtazamaji mhusika anayeweza kuendelea kuishi nje ya wimbo. Nao waliozipiga picha hizo waliendelea: Jim Chuchu akaongoza filamu ya Stories of Our Lives mwaka 2014, na Mbithi Masya akaongoza Kati Kati mwaka 2016. Dakika nne za wimbo zilikuwa chuo.

Mfano wa pili hauna mbabe wala kisa chenye mwanzo na mwisho. Mwaka 2018 vijana wanne wa Ethic walitoa Lamba Lolo, video ya gharama ndogo iliyopigwa mtaani. Zipo sababu za kuyalalamikia maneno ya nyimbo nyingi za gengetone, hasa yanavyowazungumzia wanawake, nami nayaunga mkono malalamiko hayo. Lakini tukizitazama picha peke yake, pana somo. Vijana walisimama walipokuwa wakisimama kila siku, wakavaa walivyokuwa wakivaa kila siku. Kwa mtazamaji wa Kariobangi au Kayole hiyo ilikuwa habari kubwa: mtaa wangu unaweza kuwa mahali pa video. Skrini za matatu zikaisambaza, na makundi mengine yakatoka na kamera zao. Kile ambacho maneno hayakukisema, picha zilikisema wazi: tupo, na hatuhitaji kuazima mahali pa kuonekana.

Ukiziweka video hizo mbili pamoja, utaona kwamba hadithi ya picha ina njia mbili. Unaweza kubuni mhusika, au unaweza kumwonyesha mtu halisi kwa namna ambayo hajawahi kuonyeshwa. Zote mbili zinaanza kwa kujua mtazamaji wako tayari anajua nini.

Kamera na heshima ya watu

Mtaa una wenyewe. Sheria ya Kenya, Sura ya 222 inayohusu filamu na michezo ya jukwaani, inataka anayepiga filamu kwa ajili ya umma awe na leseni. Hiyo ni hodi ya serikali. Ipo hodi nyingine ambayo haijaandikwa popote. Ukitaka kumpiga picha mama mboga na kibanda chake, unamwamkia, unamweleza wimbo unahusu nini, na unamsikiliza akikuambia, "Mwanangu, mimi sina shida, lakini wateja wangu msiwatoe sura." Hapo unageuza kamera. Fundi anayesimamisha kazi yake ili uipate shoti yako amepoteza pesa, na anastahili kulipwa.

Jambo hili linagusa usimulizi wenyewe. Dhiki hupigwa picha kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote mtaani. Taka, mfereji uliofurika, mtoto asiye na viatu: kamera ikielekezwa hapo watu watahuzunika, na msanii ataonekana anajali. Lakini mtu aliyepigwa picha kama ishara ya umaskini amenyang'anywa hadithi yake. Katika mfano wetu kijana hana kazi, na mama ana paa linalovuja, ila tumewaona wakipanga, wakificha, wakitumiana. Wana akili na wana heshima zao. Umaskini wao ni hali wanayopambana nayo, na sisi tunawatazama wao.

Tena video huhifadhi. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la Korona, nyumba za maelfu ya watu katika eneo la Kariobangi lililo karibu na mtambo wa majitaka zilibomolewa. Mitaa ya namna hiyo mara nyingi haina jumba la makumbusho wala vitabu vya picha. Mahali ambapo jina la duka, rangi ya mlango na mwendo wa watoto vitabaki ni katika picha za simu na video za nyimbo. Anayepiga video leo anaweka kumbukumbu ya watu, atake asitake, na ni bora aiweke kwa kukusudia.

Namna ya kuitazama video kama msimulizi

Mtazamaji wa kawaida anaweza kujifunza kuisoma picha, na kijana anayetaka kuongoza video anaweza kuanza kwa kuzoea kutazama. Chukua video yoyote unayoipenda, kisha ujiulize haya kwa mpangilio:

1. Nikizima sauti, bado naelewa nani anataka nini?
2. Nikisikiliza bila picha, napoteza kitu gani? Kama sipotezi kitu, picha zilikuwa pambo.
3. Ni kitu gani kinachorudi zaidi ya mara moja, na kimebadilika maana kila kiliporudi?
4. Kamera inasimama upande wa nani? Nani anaonyeshwa uso, na nani anaonyeshwa mgongo?
5. Ni habari gani niliyonyimwa mwanzoni, nikapewa baadaye?
6. Video hii ingeweza kupigwa mahali pengine popote? Kama ingeweza, mahali hapakutumika.

Swali la sita ndilo ninalowaomba vijana wa Eastlands walichukue kwa uzito kuliko yote. Kamera nzuri sasa imo ndani ya simu, na programu za kuhariri zinapatikana bila malipo. Kinachobaki kuwa adimu ni ujuzi wa ndani wa mahali: kujua saa ambayo korido hupata jua, kujua fundi yupi huimba akifanya kazi, kujua mama humwambia nini mwanawe akiwa na shida na asichomwambia. Ujuzi huo hauuzwi, na mgeni mwenye pesa hawezi kuukodi kwa siku moja. Kijana wa Kariobangi anao tayari. Akikaa chini na wimbo wake na kuandika, mstari kwa mstari, kile ambacho maneno yamekiacha, atakuwa ameanza kuongoza video kabla hajaigusa kamera.